Risala ya wahitimu wa fani ya umeme kwa mgeni rasmi: Historia ya kampuni ya ASEA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Kwa kuwa wewe ni mhandisi wa umeme, tumeomba ruhusa ya kukusomea habari za kampuni moja ya Sweden ambayo darasa letu limeisoma kwa kina. Ombi letu la leo limetoka humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1883 Ludvig Fredholm alifungua kampuni Stockholm ili kutengeneza dainamo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, iliyobuniwa na kijana Jonas Wenström. Kwa umbo lake, dainamo hiyo ilipewa jina la kobe. Mwaka 1890 kampuni hiyo iliungana na ile ya Göran, ndugu yake Jonas, mjini Västerås, ndipo ikazaliwa ASEA. Wakati huo Jonas alikuwa ameshabuni mfumo wake wa fezi tatu, yaani mikondo mitatu ya umeme inayopishana kwa zamu, jambo ambalo wengine nao walikuwa wakilishughulikia Ujerumani na Marekani. Mwaka 1893 umeme wa fezi tatu, kwa msongo (nguvu inayosukuma umeme) wa kilovolti 9.5, ulisafirishwa kutoka maporomoko ya Hellsjön hadi kwenye machimbo ya chuma ya Grängesberg, umbali wa zaidi ya kilomita 10. Mwezi Desemba mwaka huohuo Jonas akafariki, akiwa na miaka 38 tu.

Sehemu iliyotugusa zaidi ni ya Uno Lamm, mhandisi wa ASEA. Mwaka 1929 alianza kushughulikia vali za zebaki huko Ludvika, ili umeme wa mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, ugeuzwe kuwa mnyoofu, unaokwenda upande mmoja, kwa msongo mkubwa. Vali hupaswa kupitisha umeme upande mmoja tu. Msongo ukipanda, cheche ilirudi kinyume na vali ikashindwa kazi. Lamm akapanga elektrodi kadhaa katikati ya anodi na kathodi, yaani ncha mbili za vali, ili msongo ugawanyike vipande vidogo. Hata hivyo majaribio yaliendelea kwa miaka mingi bila kampuni kupata kitu cha kuuza. Hatimaye mwaka 1954 megawati 20 zikavuka bahari hadi kisiwa cha Gotland, kwa kebo moja ya karibu kilomita 100, huku mkondo ukirudi kupitia maji ya bahari yenyewe. Ilikuwa miaka 25 tangu aanze! Sisi tunawaheshimu pia wakubwa wake, waliokubali kumlipa mshahara muda wote huo.

Matunda yake yamefika hadi kwa jirani zetu wa Kongo. Laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilianza kazi mwaka 1982 kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga, na ASEA ilikuwa miongoni mwa waliotengeneza vituo vyake vya kubadilishia mkondo. Kufikia hapo thairista, yaani swichi za kielektroniki zisizo na zebaki, zilikuwa zimechukua nafasi ya zebaki. Mwaka 1988 ASEA iliungana na Brown Boveri ya Uswisi, ikawa ABB.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Lamm alipewa nafasi ya kujaribu na kushindwa kwa miaka mingi, lakini karakana yetu ni ya kufundishia, na kila kifaa lazima kiwe tayari kwa darasa linalofuata. Mwanafunzi akitengeneza kitu chake kikaungua, hana pa kukirudia. Tunaomba utusaidie kupata chumba kimoja cha majaribio, chenye swichi yake kuu ya usalama, pamoja na transfoma chakavu na mota mbovu zinazoondolewa kazini, ili wadogo zetu wazifungue, wazisuke upya na wazijaribu hata baada ya saa za masomo. Tumekubaliana kwamba wahitimu wanaoishi karibu watasimamia chumba hicho kwa zamu.

Tunaomba kuwasilisha.