Barua kwa mdogo wangu aliyepangiwa mkopo nusu

Marahaba, mdogo wangu.

Picha ya skrini uliyonitumia nimeiona, na maneno uliyoandika chini yake nimeyasoma: "Dada, wameninyima." Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wiki hii wako wengi waliofungua akaunti zao za SIPA, yaani akaunti binafsi ya mwombaji kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wengine kwa simu ya kuazima, wakakata tamaa kwa jambo ambalo pale halijaandikwa. Hujanyimwa. Umepangiwa kiasi, na kiasi hicho kina mistari yake. Tuisome.

Kilichokushtua ni ile jumla ya chini, ukaipima na ya rafiki yako anayekwenda kusomea udaktari. Iache kwanza hiyo jumla. Bodi ya Mikopo hukopesha kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kozi yenye vifaa vingi ina kipengele cha kitivo kinachoweza kuikuza jumla hata kama mwenzako hakupewa asilimia kubwa kuliko wewe. Mkopo wako upime na gharama zako mwenyewe.

Sasa angalia. Chakula na malazi umepewa 10,000 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu. Vitabu na viandikwa una 200,000 kwa mwaka, nayo imekamilika. Pengo lako liko kwenye ada. Kozi yako ni 1,300,000 kwa mwaka, na wewe umepangiwa 455,000. Zinabaki 845,000, na kwa kuwa chuo chako kinapokea ada kwa semista, nyumbani watatafuta 422,500 kwa semista ya kwanza. Ni fedha nyingi kwa mama mdogo, mama yako, sitaki kukudanganya. Lakini ni deni lenye ukubwa unaojulikana, na ukoo unaweza kulikalia kikao.

Jambo la pili, na hapa ndipo naona vijana wa mikoani wakiumia kila mwaka: fedha hizi haziendi mahali pamoja. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni, hutaigusa. Boom, ile fedha ya kujikimu, ndiyo inayokuja kwako, tena kwa mafungu, baada ya kusajiliwa na kusaini. Kwa hiyo siku unashuka kwenye basi na begi lako, boom bado. Utahitaji nauli, godoro, ndoo, kodi kama hostel imejaa, na chakula cha wiki za mwanzo. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400, nayo haimo kwenye mkopo, wala kitambulisho, wala michango mingine ya usajili. Mwambie mama mdogo mapema ili fungu hilo litengwe mbali na ada. Ukilichanganya, utajikuta umelipa ada na huna cha kula, na mwanafunzi mwenye njaa hamalizi semista vizuri.

Nawe usije ukaitumia boom kuziba ada. Najua wapo wanaofanya hivyo na wakafika. Mimi nakukataza. Elfu kumi ya siku inatakiwa ikulishe na ikulaze. Ukiimega, utaanza kukopa kwa wenzako mwezi wa pili, na madeni ya hostel yanavunja urafiki na masomo kwa pamoja.

Uliniuliza kwa nini ada yako imekatwa wakati kila mtu pale mtaani anajua hali ya nyumbani. Bodi haikai mtaani kwetu. Inaona kile kilichojazwa kwenye maombi na kuthibitishwa: uyatima, ulemavu, kaya iliyo kwenye TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), kipato cha wazazi, na shule uliyosoma ililipiwa kiasi gani. Wewe ulisoma sekondari ya binafsi. Sisi tunajua kuwa baba mkubwa ndiye aliyekulipia hadi kidato cha nne, lakini barua ya kuthibitisha ufadhili huo hukuiweka. Na marehemu baba mdogo, baba yako mzazi, Mungu amrehemu, cheti chake cha kifo kilikuwa hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, ulipofunga maombi. Kwenye karatasi, basi, wewe ni binti mwenye wazazi wawili waliomudu ada ya shule binafsi. Mtu asiyekujua angeamua vingine vipi?

Ndiyo maana nataka ukate rufaa, na nataka uikate kwa vielelezo. Dirisha la rufaa likifunguliwa, unaingia kwa akaunti ileile uliyoombea. Usipoteze muda kutunga maelezo marefu ya shida zetu, na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "familia hii haina uwezo" usiitegemee peke yake. Peleka cheti cha kifo kilichohakikiwa na barua ya ufadhili yenye saini ya baba mkubwa. Jina lako lifanane kila mahali, hadi herufi ya mwisho, na namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile. Nakumbusha hili la jina kwa sababu cheti chako cha kuzaliwa kina "Mwanaidi" na matokeo yako yana "Mwanahidi". Kama hujalishughulikia, anza na hilo leo.

Kwa wengine mnaosoma hapa ambao hamkuona chochote kabisa: orodha hutoka kwa awamu, na kukosa ya kwanza hakujafunga mlango. Kama ulichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja na hujathibitisha unakokwenda, thibitisha kwanza, maana Bodi haiwezi kukupangia fedha bila kujua unasoma wapi. Na yule kijana wa kwenye Telegram anayesema ana mtu ndani, umtumie 50,000 akuongezee asilimia, ni mwizi. Msimpe hata namba zenu za siri.

Narudi kwako, mdogo wangu. Mama mdogo amenipigia anasema atauza lile shamba la bondeni. Asiuze. Shamba likiuzwa kwa haraka Oktoba, linauzwa kwa bei ya mwenye shida, na mnunuzi anajua. Kuna rufaa mbele, na mwaka una semista mbili. Tuketi Jumapili, uandike tarakimu hizi kwenye karatasi moja kubwa, ada upande huu na fedha za kuanzia upande ule, kila mtu aone anachangia nini. Ndugu wakisikia "mtoto anahitaji hela ya chuo" huguna. Wakiona 422,500 wanaanza kugawana.

Ujue pia kwamba hii ni fedha ya kurudisha. Kwenye hati yangu ya mshahara kuna mstari wa Bodi kila mwezi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na unakatwa kabla sijaona shilingi. Sijutii hata kidogo. Bila mkopo ule nisingekuwa mwalimu. Nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikilivimbisha deni, ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo nyinyi mna nafuu ambayo sisi hatukuanza nayo. Ila kila unachosaini, kiandike kwenye daftari lako: tarehe, kipengele, kiasi. Mkopo wa miaka mitatu usioandikwa unakuja kumshangaza mwenyewe.

Kesho asubuhi nenda RITA wilayani na cheti halisi cha baba mdogo, usichukue kopi. Ukipata namba ya uhakiki nitumie hapohapo. Barua ya baba mkubwa nitaifuata mimi mwenyewe Ijumaa nikitoka shule.

Dada yako.