Muulize wakili kuhusu Baraza kabla ya kutoa hela

Mhariri,

Mdogo wangu alimlipa wakili kwa awamu tatu, na moja alitoa kwa kuuza cherehani, ili afungue shauri la talaka. Siku ya kusikilizwa tukawahi mahakamani. Hakimu akapekua jalada mara mbili, akauliza: hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa iko wapi? Haikuwepo. Shauri likatupwa kabla mume hajafungua mdomo.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wanaosamehewa ni wachache, mfano aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko. Mtu aliyesomea sheria anasahauje hilo? Na ada hakurudisha.

Talaka ilipatikana baadaye, akaolewa tena. Mume wa sasa anataka kumuasili mtoto aliyemkuta, yaani awe mwanawe kisheria. Wakili wa safari hii, mama mmoja mkali kidogo, hakutaja bei kwanza. Aliuliza: baba mzazi yu hai? Atakubali? Ridhaa yake inahitajika, ingawa mahakama inaweza kuiruka ikithibitika kwamba alimtelekeza mtoto. Na amri ikishatoka chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, haki za huyo baba juu ya mtoto zinakoma.

Mdogo wangu akanyamaza. Namba ya yule bwana anayo. Kuipiga ndiyo kazi.

Msomaji wako,
Morogoro