Boya la kurusha halimfai aliye peke yake

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa Goma aliyeshauri juma lililopita kwamba kila mwenye boti ya starehe ziwani Kivu anunue boya la mviringo amesahau jambo moja: nani atalirusha? Mimi hutoka Nguba, hapa Bukavu, Jumapili peke yangu, na boti ndogo ya mota, kutembea upande wa Birava. Nikianguka, boya litabaki ndani ya boti, nami majini.

Tena boti haiendi mbali. Mota isiyo na mshikaji hugeuka upande, boti ikaanza kuzunguka na kumrudia aliye majini, elisi, yaani panga la mota, ikikata. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza ni ile kamba nyekundu ambayo ikivutwa huzima mota. Huja na mota yenyewe, wala huongezi faranga. Ifungwe mguuni. Nawaona wengi wameiviringisha kwenye mota, kana kwamba mota ndiyo itakayoanguka.

Tangu boti ya abiria Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, majile, yaani makoti ya kuokolea majini, yanazungumzwa sana, ila kwa abiria. Nimefundisha fizikia, mniruhusu nyutoni kidogo, kipimo cha nguvu ya jile ya kumwelesha mtu. Jile lililoandikwa 50 ni la mwogeleaji aliye karibu na msaada. La 100 ni la maji tulivu. La 150 ndilo lililokusudiwa kumgeuza aliyezimia, uso utazame juu, na aliye peke yake hana mwingine wa kumgeuza. Yale yanayojijaza upepo ni mepesi, lakini chupa yake ya gesi hutumika mara moja, na kupata nyingine hapa Bukavu ni kazi. Nimechagua la povu, nene kama godoro, lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo jile hupanda masikioni, mwenyewe akabaki chini yake.

Halafu kurudi botini. Vijana hudhani watajivuta kwa mikono. Wajaribu nguo zikiwa zimelowa na jile limejaa kifuani! Ngazi ambayo lazima ishushwe na mtu aliye ndani ni pambo tu. Yangu ni ya kamba, imefungwa nyuma, na kitanzi chake kinaning'inia nje, mkono ulio majini ukifikie.

Vifaa vya kuomba msaada kwa setilaiti, vya megahezi 406, wanavyovisifu Ulaya ni vizuri, lakini anayepokea ishara lazima awe na boti ya kutuma. Vile vya AIS, vinavyotangaza kwa redio mahali ulipo, huita vyombo vyenye kipokezi, na wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hawana. Wana masikio, na usiku wana taa. Basi filimbi na tochi ndogo nimezifunga kwenye jile, simu iko ndani ya mfuko usioingiza maji, nao uko mwilini mwangu, si chini ya kiti. Binti yangu anajua saa ya kurudi. Ikipita, anawapigia wavuvi.

Naomba gazeti litume mwandishi anunue majile matatu au manne yanayouzwa bandarini hapa, ayaloweke usiku kucha yakiwa yamefungiwa mawe, kisha achapishe lipi limekunywa maji na linauzwa bei gani.

Mwalimu mstaafu,
Nguba, Bukavu