Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: yidaki yetu, ufa wake na tulivyojifunza

Ndugu wanachama habari zenu. Mahesabu atasoma mweka hazina, mimi naongelea yidaki, lile bomba refu la mti la kupuliza la wenyeji wa asili wa Australia, ambalo wengi wanaliita dijeridu, na naanza na lile baya kwasababu wengi mmenipigia simu kuuliza.

Ni kweli ilipasuka. Ilitoka Arnhem Land kule kaskazini mwa Australia ambako hewa ina unyevu kama ya Pwani, tukaileta huku Melbourne, halafu mwezi wa saba nikaiegemeza karibu na hita ya ukumbi na nikaisahau pale wiki nzima, kosa ni langu na naomba radhi. Nilipokuja kuipuliza ile ngurumo ya chini haishiki, pumzi inapotea tu, nikaigeuza kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele, karibu shibiri nzima kutoka mdomoni. Niliumia sana jamani. Mti ule haukutobolewa na mashine, ni mkaratusi ulioliwa na mchwa kwa ndani ukiwa bado hai umesimama, fundi anazunguka porini anagonga shina moja moja anasikiliza kama lina uwazi, na mengi anayapita.

Tuliiweka mbali na joto siku kadhaa, tukadondoshea supaglu nyepesi ule ufa ukainywa wenyewe, tukapaka vumbi la mbao juu na kupiga msasa. Kujua kama umeziba tulifunga mwisho mmoja kwa mpira, mmoja akapuliza, mwingine akapaka povu la sabuni, kama fundi baiskeli anavyotafuta tobo kwenye tyubu. Povu halikutoka. Sasa basi, isiachwe tena kwenye gari juani wala karibu na hita, ukimaliza kupuliza futa mate uisimamishe ipate hewa, na nta ya kwenye mdomo wake iwe ya nyuki, ile ya mishumaa ikipoa inakuwa ngumu inamenyeka.

Kwenye kujifunza kwa kweli tumesogea. Wengi mlianza kwa kupuliza kwa nguvu kama tarumbeta na mkachoka dakika mbili, kumbe midomo inatakiwa ilegee itetemeke kama mtoto anayeigiza gari. Pumzi ya mzunguko, yaani kuvuta hewa puani huku mlio haukatiki, ndio iliyotutesa mpaka mzee wetu wa Lamu, aliyepuliza zumari ujanani, alipoomba beseni. Alijaza maji mdomoni mashavu yakavimba, akawa anayatoa kidogo kidogo uzi mwembamba, na huku anavuta hewa puani na ule uzi haukatiki! Akasema shavu ndio akiba yako, litumie wakati pua inafanya kazi yake. Wiki hiyo hiyo watu watatu wakaweza, kwenye zumari ni ufundi ule ule.

Kuna jambo moja nilikataa na wengine mlikasirika, kupiga kwenye harusi midundo ya sherehe za Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land, mliyoinasa kwenye video. Yidaki ni jina lao, dijeridu ni neno la wageni walioigiza mlio wake, na midundo ile ina wenyewe na ina mahali pake. Sisi tutunge yetu, tunayo ngoma ya kutosha vichwani. La akina mama pia sijalimaliza, kwa Wayolngu kwenye sherehe wanaopuliza ni wanaume, na dada zetu hapa wanapuliza vizuri sana, kwahiyo sitaamua peke yangu, tutawauliza Wayolngu wenyewe kwanza na litakuja kwenye mkutano.

Na tukinunua ya pili tununue kwa mafundi wa huko huko, sio zile za mianzi za maduka ya watalii, hata kama itabidi tuchange miezi mingi.

Darasa la wapya linaanza Jumamosi saa nne asubuhi, njoo na bomba la plastiki la kujifunzia la milimita 40, urefu mita 1.3, nta ipo.