Mwanangu, kabla hujampa mtu fomu asaini

Mwanangu mpenzi,

Natumai baridi ya Eldoret haijakushika kifua. Sisi huku tuko sawa. Jana baba yako alilala mapema tukabaki na dada yako tukaangalia muvi ya The Constant Gardener, ni ya kitambo, ya 2005, lakini nakwambia sikupata usingizi mpaka saa tisa, ndio nikaamka nikuandikie kuhusu hiyo kazi yako mpya ya utafiti.

Ni hapa hapa kwetu, wameshuti Kibera kabisa na kule Loiyangalani. Kuna mama wa Kizungu anaitwa Tessa, bwanake ni mtu wa ubalozi wa Uingereza, anagundua kampuni inajaribu dawa ya TB kwa maskini wa Nairobi, ukikataa hutibiwi, ukifa jina linafutwa kama hukuwahi kuzaliwa. Wakubwa wa serikali yao wanajua na wananyamaza sababu ya pesa. Tessa wanamuua.

Sasa kabla hajauawa kuna msichana, Wanza, anajifungua hospitalini halafu anafariki. Tessa na bwanake wakitoka hapo hospitalini kwa gari, Tessa anamwona ndugu yake Wanza, kijana mdogo tu, anatembea na kile kitoto kurudi kwao mbali huko, anamwomba bwanake asimamishe gari, bwana anakataa, ati watu wenye shida ni wengi, hatuwezi kusaidia wote. Gari likapita. Hapo nililia mwanangu.

Na usidhani ni hadithi tu. Kano kule Nigeria, 1996, homa ya uti wa mgongo ikiua watoto, Pfizer, kampuni ya dawa ya Marekani, walijaribu dawa yao Trovan, watoto 200, nusu wakapewa hiyo na nusu dawa nyingine, 11 wakafa. Kampuni ilikana kwamba ni dawa iliyowaua, lakini wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio, na 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75.

Sijawahi kukwambia hii. Ukiwa na miezi saba nilikupeleka kliniki fulani ukiwa moto kama jiko, wakanipa karatasi ya Kizungu kurasa tatu, foleni nyuma yangu inasukuma, biro imefungwa kamba kwa meza. Nikasaini. Mpaka leo sijui nilisaini nini, nilikuwa nataka tu mtu akushike.

Kwa hivyo uliponiambia umepata hiyo kazi ya kuandikisha wagonjwa kwa utafiti nilifurahi, na pia nikaogopa. Sisemi utafiti ni mbaya, hata chanjo ulizodungwa zilijaribiwa kwa watu kwanza. Lakini yule mama atakayekaa mbele yako na mtoto mgonjwa atasaini chochote, unaelewa? Mwambie kabisa kwamba akikataa bado atatibiwa, mwambie hata mara tatu, na kama supavaiza anakuharakisha wacha akasirike.

Nitumie hiyo fomu ya Kiswahili kwa WhatsApp kabla hujaanza, nimsomee shosho yako tuone kama ataelewa.

Mama yako