Askari waulizwe na ndoto zao

Mhariri,

Kaka yangu ni mwanajeshi. Aliporudi Katuba kutoka vitani huko mashariki mwa Kongo, mvua ya kwanza ilipopiga mabati alijitupa chini ya meza, tonge la bukari, yaani ugali, bado mkononi. Watoto walicheka. Yeye hakucheka.

Jeshi la Marekani huwapa askari wanaorudi vitani dodoso la afya, kisha huwauliza tena baada ya miezi 3 hadi 6. Wapo wanaotaka askari wetu nao wapimwe huzuni wakirudi. Tuige, sikatai. Ila kupima huzuni peke yake hakutoshi. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9, hupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya wiki 2 zilizopita. Haliulizi ndoto za vita wala kushtuka ovyo. Kaka angelijaza akapita: anakula, anatania. Yapo maswali mengine 5 tu ya kiwewe, ya ndiyo au hapana, yanayouliza hayo hasa.

Na karatasi ya majibu isifike mezani kwa kamanda! Nani ataandika ukweli akijua anayesoma ndiye anayegawa vyeo? Kaka huniambia mimi, saa nane usiku, uani, sigara ikimwishia vidoleni.

Dada wa askari,
Katuba, Lubumbashi