Mdogo wangu, usiifute ile filamu

Mdogo wangu,

Mwakeye. Tangu Jumapili nakupigia simu, hupokei. Mama mdogo anasema upo, unakula vizuri, ila huongei na mtu. Basi nakuandikia hapa hadharani. Simu unaweza kuizima, lakini huku utapita tu, na hapa Kigoma, Mwanga na Ujiji, wapo vijana wengine wenye jambo kama lako. Nao wasome.

Usiku ule filamu yako ilipoonyeshwa banda umiza, nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Nilikuona ulivyotokea kwenye picha: umekaa mchangani Kibirizi, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi mmoja mmoja na taa zimezimwa, nawe unaihesabu, na mmoja haupo. Hukusema neno. Watu wakaangua kicheko. Walicheka kwa sababu ni wewe, MC wa harusi zao, yule anayemwiga konda wa Mwandiga na mzee anayegombea bei ya migebuka. Ukatoka nje. Asubuhi ukaandika kwenye grupu la familia kwamba filamu unaifuta na unarudi kwenye maiki yako.

Usiifute. Kuna mtu nataka umjue kwanza.

Takeshi Kitano, mchekeshaji wa Japani aliyekuja kuwa mwongozaji wa filamu, alizaliwa Tokyo mwaka 1947. Baba yake alikuwa fundi rangi wa nyumba, mtu wa pombe. Mama yake, Saki, ndiye aliyekazana watoto wasome. Kijana akaingia Chuo Kikuu cha Meiji kusomea uhandisi, akaacha njiani, akaenda Asakusa, mtaa wa starehe za watu wa kawaida. Kazi aliyoipata ni kuendesha lifti katika ukumbi uitwao France-za, ambako wanawake walivua nguo jukwaani na wachekeshaji walipewa dakika chache katikati. Hebu fikiria kusimama mbele ya watu ambao hawakuja kwa ajili yako na wanasubiri uondoke. Ndiko alikojifunzia. Mkongwe mmoja wa pale, Senzaburo Fukami, alimshika mkono, akamfundisha jukwaa, hadi kucheza kwa kugonga viatu sakafuni.

Miaka ya 1970 akaungana na mwenzake Kiyoshi, wakajiita Two Beats. Walifanya manzai, vichekesho vya watu wawili: mmoja anapayuka, mwenzake anamkemea. Kitano ndiye aliyepayuka, kwa kasi ya ajabu, na hakumbakisha mtu, hata wazee. Utani wake mwingi wa enzi zile mimi siupendi. Lakini televisheni ilimpenda, na Japani nzima ikamjua.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1983 mwongozaji Nagisa Oshima alimpa nafasi katika filamu ya kambi ya wafungwa wa vita, awe sajini wa kambi. Nafasi nzito, ya mtu mkali. Kitano mwenyewe husimulia kwamba filamu ilipotoka aliingia ukumbini kimyakimya aone watu watampokeaje. Alipotokea tu, ukumbi mzima ukacheka. Hakuwa amechekesha. Uso wake ndio waliouzoea hivyo.

Nilipoisoma habari hiyo nilikukumbuka wewe na ile benchi yangu ya nyuma.

Hakurudi nyuma. Aliendelea na vichekesho vyake vya televisheni, lakini kila alipopata nafasi ya kuigiza alichagua watu wabaya, wauaji, watu wa giza, mwaka baada ya mwaka, hadi macho ya watu yakazoea. Mwaka 1989 mwongozaji Kinji Fukasaku alijitoa kwenye filamu ya polisi mmoja mkatili, Kitano akaambiwa aiongoze mwenyewe. Alikuwa na miaka 42. Akaiandika upya hadithi kwa namna yake. Hadi leo ana majina mawili: anapochekesha au kuigiza ni Beat Takeshi, anapoongoza ni Takeshi Kitano. Hilo nawe lifikirie. Jina la MC liache kwenye kadi za harusi, na filamu zako uzitie jina alilokupa marehemu baba.

Nimeziangalia filamu zake kadhaa. Watu wanasimama tu, kamera haitikisiki, hakuna anayesema, na wewe unayetazama unaanza kukosa raha. Halafu jambo linatokea ghafla. Huo ni ufundi wa mchekeshaji! Nani asiyekuwa mchekeshaji angejua kukaa kimya kwa muda sahihi? Wewe unao. Harusi ya binamu yetu ulinyamaza mbele ya wajomba hadi ukumbi ukatulia, ndipo ukasema. Lakini pale Kibirizi uliogopa. Ulikata picha upesi, ukaweka muziki juu, na kicheko kikapata mahali pa kuendelea. Kicheko kina pumzi yake, mdogo wangu. Ungeiacha ile picha, ukaendelea kuhesabu mitumbwi, wangecheka, wakacheka, wakachoka, wakabaki na wewe na ule mtumbwi usiorudi. Ihariri upya sehemu hiyo. Mengine yako sawa.

Mwaka 1994 Kitano alianguka na pikipiki ndogo, nusura afe, na upande mmoja wa uso ukapooza. Mtu ambaye uso ndio mtaji wake! Wakati wa kupona akaanza kuchora, wanyama wenye maua mahali pa vichwa, na michoro hiyo akaitia kwenye filamu yake Hana-bi, mikononi mwa polisi aliyepooza. Mwaka 1997 filamu hiyo ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa kuliko zote za tamasha la Venice.

Na jambo moja kuhusu mama. Kitano husimulia kwamba alipopata umaarufu, mama yake alimdai fedha bila kuchoka, naye akaudhika. Baadaye sana, mama akiwa mgonjwa, akakabidhiwa kitabu cha benki. Fedha zote mama alikuwa amemwekea, kwa jina lake. Nalisema hili kwa sababu mama mdogo anaposema filamu ni kupoteza muda unaumia sana. Yeye ndiye aliyeniomba nije banda umiza usiku ule. Nauli alinipa yeye.

Ulipotoka nje hukuona mwisho wa onyesho. Taa zilipowaka, mzee mmoja mvuvi alibaki amekaa. Akaniuliza kama mimi ni ndugu yako, nikasema ndiyo. Akasema, "Yule kijana wa mtumbwi, alirudi?"

Sikuwa na jibu, filamu haisemi. Alhamisi nitapita tena Kibirizi kununua dagaa, na ataniuliza. Nipigie uniambie nimjibu nini.

Dada yako,
Ujiji